Bomba likitoboka chini ya bahari, kipima presha kitajua?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa tatu, kwetu ni Kilwa. Nilipokuwa likizo wazee wa pwani waliniuliza: bomba la gesi linalotoka Songo Songo likitoboka huko chini ya maji, wenyewe watajua, au tutajua sisi tukiona mapovu? Darasani tumefundishwa kwamba bomba lina vipima presha, na presha ikishuka kengele inalia. Nikawajibu hivyo. Mzee mmoja akaniuliza, "Na tundu likiwa dogo?" Sikuwa na jibu. Je, vipima presha hivi vinaaminika kiasi gani?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Mfikishie huyo mzee salamu zangu, maana swali lake lina uzito kuliko jibu ulilompa. Ulichofundishwa darasani ni kweli kwa mpasuko mkubwa. Kwa tundu dogo si kweli, na mara nyingi lawama haiko kwenye kifaa.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, kipima presha kinasema kweli juu ya presha iliyopo pale kilipofungwa? Mara nyingi sana, ndiyo. La pili: je, presha ya pale kilipofungwa inaweza kukwambia kwamba kilomita 14 mbele kuna tundu? Hilo ni suala la fizikia ya bomba zima, na hata ukinunua kifaa cha bei mbaya kiasi gani, fizikia haihongeki. Kisha kuna jambo la tatu ambalo vitabu vingi hulipita juu juu: kengele ikilia usiku wa manane, aliye zamu ataiamini? Ukiniuliza mimi, mafuta mengi yamemwagika baharini kwa sababu ya hilo la tatu.

Nianze na pale ambapo vipima presha havina mpinzani. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 2022, presha kwenye bomba la Nord Stream 2, chini ya bahari ya Baltiki, ilishuka kutoka bar 105 hadi bar 7 (bar ni kipimo cha presha; bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka). Bomba lile lilikuwa limejazwa gesi lakini halikuwa likisafirisha kitu. Gesi imetulia, valvu zimefungwa, hakuna kinachoingia wala kutoka. Katika hali hiyo hata geji ya kawaida ingemshtua aliye zamu. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 2023, mnamo saa 8 usiku, waendeshaji wa Balticconnector, bomba la kilomita 77 chini ya maji kati ya Finland na Estonia, waliona presha ikiporomoka kutoka bar 34 hivi hadi karibu bar 12. Wakafunga valvu. Nanga ya meli ilikuwa imelipasua bomba, na gesi haikupita tena hadi Aprili 2024.

Iangalie vizuri hiyo namba 7 ya Nord Stream. Kwa nini isiwe sifuri? Kwa sababu kila mita 10 za maji ya bahari zinakandamiza kwa takriban bar 1, na mahali bomba lilipopasuka kina ni kama mita 70 hivi. Gesi ilitoka mpaka presha ya ndani ikalingana na presha ya maji ya nje, kisha ikakosa nguvu ya kutoka. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji tukifika kwenye maji ya kina kirefu. Na kumbuka pia kwamba presha iliwaambia watu bomba limepasuka; mahali lilipopasukia palijulikana kwa mapovu yaliyochemka juu ya maji karibu na kisiwa cha Bornholm. Kwa hiyo wazee wako hawakukosea kuyataja mapovu.

Sasa tundu dogo. Chukua karatasi ufuate hesabu, ni ya kidato cha sita.

Tuseme bomba la mafuta ghafi la inchi 16 lenye urefu wa kilomita 25, linapitisha mita za ujazo 1,000 kwa saa. Kutu imetoboa tundu la kipenyo cha milimita 5, na presha ya ndani inazidi ya nje kwa bar 50. Tumia kanuni ya mtiririko kupitia tundu, mgawo wa 0.6, uzito wa mafuta kilo 850 kwa mita ya ujazo. Utapata kama lita 1.3 kwa sekunde. Kwa siku ni takriban lita 110,000, yaani magari matatu ya mafuta yakimwagwa baharini kila siku ya Mungu. Si kidogo hata kidogo.

Lakini bomba linapitisha lita 278 kwa sekunde. Kilichopotea hakifiki asilimia 0.5. Msuguano katika bomba la namna hiyo unakula karibu bar 25 kutoka mwanzo hadi mwisho, na msuguano hufuata mraba wa mtiririko. Kama tundu liko katikati, nusu ya pili ya bomba inabeba mafuta pungufu kwa asilimia 0.5, kwa hiyo msuguano wake unapungua kwa asilimia 1 hivi ya bar 12.5. Matokeo yake, presha kule kwenye pampu inashuka kwa takriban bar 0.1.

Kipima presha chenye uwezo wa kusoma hadi bar 160, na usahihi wa asilimia 0.1 ya uwezo huo, kinaruhusiwa kukosea kwa bar 0.16. Kosa halali la kifaa limeshakuwa kubwa kuliko dalili tunayoitafuta. Ukinunua kifaa bora zaidi utalipunguza kosa hilo, ndiyo, na kwa haki kabisa kifaa hujua mabadiliko ya presha vizuri kuliko kinavyojua presha yenyewe. Hata hivyo pampu inatikisa presha kwa kiasi hicho hicho au zaidi kila inapobadili mwendo. Mafuta yakiwa mazito kidogo kuliko ya jana, presha inabadilika. Mtu akigusa valvu kule mwisho, presha inabadilika. Bar yako 0.1 imezama humo.

Sasa utaelewa kwa nini kanuni za jimbo la Alaska, ambazo hutajwa mara kwa mara kwa ukali wake, zinataka mfumo wa bomba kuu la mafuta ghafi uwe na uwezo wa kugundua upotevu usiozidi asilimia 1 ya mafuta yanayopita kwa siku. Kwenye bomba letu asilimia 1 ni lita 240,000. Tundu letu la lita 110,000 linapita chini ya uzio huo bila kuinama. Na haya si ya karatasini tu. Machi 2006 huko Prudhoe Bay, Alaska, bomba la nchi kavu lilivuja kwa siku kadhaa kupitia tundu la kutu la robo inchi kwa nusu inchi, zaidi ya galoni 200,000 zikamwagika kwenye theluji, na aliyegundua ni mfanyakazi aliyenusa harufu.

Kwenye gesi mambo ni tofauti, na hapa nakuja kwenu. Bomba la kwanza la Songo Songo, linalofanya kazi tangu 2004, lina sehemu ya baharini ya inchi 12 yenye urefu wa kilomita 25 hivi hadi Somanga Funga, ndipo linapoendelea kwa inchi 16 hadi Dar es Salaam. Nitumie vipimo hivyo, na presha ya bar 80 ambayo naichagua kwa ajili ya hesabu tu. Usiende kuwaambia watu ndiyo presha ya bomba lenu. Ndani ya kilomita 25 za bomba hilo kuna nafasi ya mita za ujazo 1,770 hivi. Gesi ikigandamizwa humo kwa bar 80 ni akiba kubwa, na akiba hiyo ndiyo inayoficha mvujo. Tundu la milimita 5 litatoa karibu mita za ujazo 1,200 za gesi kwa saa, ukizipima kwa presha ya kawaida ya hewa. Kama bomba linapitisha futi za ujazo milioni 100 kwa siku, huo ni mvujo wa asilimia 1. Mitambo ya umeme Ubungo ikipunguza matumizi jioni, presha inapanda, ikiongeza, inashuka. Mvujo wako unafunikwa na mahitaji ya jiji.

Lakini funga valvu pande zote mbili, kisha tazama. Presha itashuka bar 0.1 kila baada ya dakika 9 au 10. Baada ya saa moja umeshapoteza zaidi ya nusu bar, na mstari kwenye skrini unateremka bila kurudi. Ndiyo maana mimi huamini jaribio la bomba lililofungwa kuliko programu yoyote ya kompyuta ya kukokotoa mvujo bomba likiwa kazini. Tahadhari ni moja, joto. Gesi ikipoa kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, presha ya bar 80 inashuka kwa takriban bar 0.27 bila mvujo wowote, ambayo ni sawa na dakika 25 za tundu letu. Bomba lililolala chini ya mchanga wa bahari halibadiliki joto haraka, hiyo ni bahati. Kipande kinachopanda ufukweni na kuanikwa juani ni habari nyingine, na kwenye bomba la mafuta joto lina fitina zaidi: nyuzi 1 tu inaweza kuhamisha presha kwa bar kadhaa, kwa sababu kimiminika hakina pa kutanukia.

Kuna faida moja ya Songo Songo ambayo watu hawaijui. Gesi inasafishwa kisiwani kabla ya kuingia kwenye bomba la kuja bara, kwa hiyo kinachopita ni gesi kavu. Bomba lenye gesi, maji na mafuta mepesi kwa pamoja hutapika matone makubwa ya kimiminika kila mara, na presha yake hurukaruka hata likiwa zima kabisa. Kwenye mabomba ya namna hiyo, yale yanayotoka moja kwa moja visimani, mimi sitegemei presha kunionyesha mvujo mdogo.

Utasikia watu wakisifia njia ya wimbi la presha. Bomba linapotoboka ghafla, presha ya pale inashuka kwa nukta moja, na mshuko huo unasafiri pande zote mbili kwa mwendo wa sauti: karibu mita 1,000 kwa sekunde kwenye mafuta, karibu 400 kwenye gesi. Kipima presha cha mwanzo kinaupokea kwa wakati wake, cha mwisho kwa wakati wake, na tofauti ya muda inakupa mahali. Ni njia nzuri na naipenda. Ila kwa tundu letu la milimita 5 wimbi hilo kwenye mafuta linazaliwa na kimo cha bar 0.05 tu, kisha linafifia njiani. Linapita mara moja. Kipima presha kinachosoma kila baada ya sekunde 5 huenda kisilione kabisa, au kikalikosea muda. Na saa za pande mbili zikipishana kwa sekunde 1 tu, mahali panakosewa kwa mita 500 kwenye mafuta. Kibaya zaidi, kutu haitoboi ghafla. Inakula polepole, tundu linaanza kama ncha ya sindano na kupanuka kwa wiki. Hapo hakuna wimbi la kusubiri.

Nimekuahidi maji ya kina kirefu. Gesi iliyogunduliwa mbele ya Lindi na Mtwara, kama Zafarani ya mwaka 2012, iko kwenye maji ya kina kinachozidi mita 2,000. Siku mradi wa kuivuna gesi hiyo utakapojengwa, mabomba yatapanda kutoka huko hadi ufukweni. Kwenye mita 2,500 bahari inakandamiza kwa takriban bar 250. Tuseme presha ndani ya bomba pale chini ni bar 270. Bomba likikatika vipande viwili, presha ya pale haitashuka chini ya 250. Umepoteza bomba zima na kipima presha kilicho jirani kimeona mshuko wa bar 20. Mhandisi aliyezoea maji mafupi akaweka kizingiti cha kuzima mtambo kwenye bar 200, kizingiti hicho hakitaguswa kamwe. Na kama uzalishaji umepungua kwa uzee wa visima, presha ya ndani ikawa bar 200, basi bomba likitoboka halivuji, linakunywa. Maji yanaingia ndani, na dalili ya kwanza inaweza kuwa maji kujaa kwenye mtambo wa ufukweni. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumeweka swichi ya presha ya chini", yaani ile inayozima presha ikishuka kupita kiasi, muulize imewekwa kwenye bar ngapi, na bahari ya mahali pale ni bar ngapi.

Hata kwenye maji mafupi swichi hizo ni kinga ya mpasuko tu. Kanuni za Marekani kwa mabomba ya baharini zinaruhusu swichi ya chini iwekwe hadi asilimia 15 chini ya kiwango cha kawaida cha uendeshaji. Kwa bomba la bar 80 hiyo ni bar 68. Ukikumbuka bar yetu 0.1, unaona umbali uliopo.

Kuhusu ubovu wa kifaa chenyewe sitakaa sana. Kipima presha cha chini ya bahari hakiwezi kutolewa kila mwaka kuhakikiwa kama tunavyofanya cha nchi kavu, kwa hiyo usomaji wake husogea taratibu kwa miaka bila mtu kujua. Umeme wa kuzuia kutu unaopitishwa kwenye chuma cha bomba huzalisha haidrojeni, na haidrojeni hupenya kiwambo chembamba cha chuma kilicho mbele ya kifaa ikavuruga kipimo. Kijia kidogo kinachounganisha kifaa na bomba kinaweza kuzibwa na nta, au na barafu ya gesi na maji inayoitwa haidreti, ambayo huganda hata joto likiwa bado juu ya nyuzi sifuri. Kifaa kilichozibwa hakipigi kelele. Kinaendelea kuonyesha presha ya siku kilipozibwa. Fundi mzuri hushuku namba iliyotulia kupita kiasi, kwa sababu bomba hai haliachi kutikisika. Dawa ya kawaida ni kufunga vipima vitatu na kuamini kauli ya wawili. Sawa, lakini ukiviunganisha vyote kwenye tundu moja umepata shahidi mmoja mwenye vinywa vitatu.

Sasa California, mahali ambapo vifaa vilisema na watu hawakusikia. Bomba la mafuta la inchi 16 lilitoka kwenye jukwaa la mafuta la Elly, lililoko baharini, hadi Long Beach, likipita chini ya eneo ambalo meli husubiri zamu ya kuingia bandarini. Tarehe 25 Januari 2021, katika upepo mkali, nanga za meli mbili za makontena, MSC Danit na Beijing, ziliburuzwa na kulikwaa bomba. Kipande chake kilihama zaidi ya mita 30 kutoka mahali pake. Bomba lililopinda lakini halijatoboka halina la kumwambia kipima presha, na kwa miezi minane hakuna aliyejua. Ufa ukakua taratibu.

Tarehe 1 Oktoba 2021, saa 10:10 alasiri, mfumo wa kugundua mvujo ulilia. Ukalia tena, na tena, mara nane kwa jumla. Wafanyakazi walizima, wakakagua, wakawasha. Mfumo ulikuwa na hitilafu, ukawaonyesha kwamba mvujo uko kwenye jukwaa lenyewe. Wakatazama jukwaani, pakavu. Wakahitimisha kwamba kengele ni za uongo. Kulikuwa na giza, baharini hakuonekani kitu. Bomba lilifungwa kabisa saa 12:04 asubuhi ya tarehe 2, karibu saa 14 baada ya kengele ya kwanza, na mapipa 588 yalikuwa yameingia baharini. Ni Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, iliyochunguza na kuyaeleza haya.

Mfumo ule ulikuwa sahihi katika jambo kubwa, kwamba mafuta yanapotea, na ulikosea katika jambo dogo, kwamba yanapotelea wapi. Kosa hilo dogo likaua ule ukweli mkubwa. Mimi naona funzo la kiufundi hapo, la kuandikwa kwenye vipimo vya zabuni: mfumo usioweza kutaja mahali kwa uhakika ni heri useme "sijui mahali" kuliko kutaja mahali pasipo na kitu.

Lakini usiwahukumu wale wafanyakazi haraka. Jiweke kwenye kiti chao. Tuseme bomba lako hutoboka mara moja katika miaka 20, na mfumo wako umewekwa mwepesi kiasi kwamba hulia bure mara moja kwa wiki. Katika miaka hiyo 20 utasikia kengele 1,040 za uongo na moja ya kweli. Anayepuuza kengele zote atakuwa amepatia mara 1,040. Ukipandisha kizingiti ili kengele za bure zipungue, unaruhusu matundu makubwa zaidi yapite kimya. Hakuna mpangilio usio na gharama. Kinachoweza kuondoa mvutano huo ni ushahidi wa pili usiotegemea presha. Kule Marshall, Michigan, Julai 2010, bomba la nchi kavu lilipasuka, kengele zikalia, zikaelezwa kuwa ni utupu ndani ya bomba, pampu zikawashwa tena mara mbili, na saa 17 zikapita. Sehemu kubwa ya mafuta ilimwagika wakati wa kule kuwasha tena. Ukisoma ripoti hizi mbili mfululizo utadhani zimeandikwa juu ya tukio moja.

Ushahidi wa pili ni upi? Wa kwanza na wa bei nafuu ni mita za mtiririko pande zote mbili: kilichoingia ukitoa kilichotoka, ukirekebisha kwa akiba iliyomo bombani. Kwa tundu dogo njia hiyo ni ya polepole, inahitaji saa nyingi au siku kukusanya tofauti, lakini haisahau. Baadhi ya mabomba mapya huwekewa waya wa nyuzi za faiba unaosikia mtikisiko na badiliko la joto kwa urefu wote. Kuna maikrofoni za majini, kuna vifaa vya kunusa methani kwenye maji, kuna roboti zinazokagua bomba mita kwa mita, kuna rada za setilaiti zinazoona utando wa mafuta juu ya maji. Kila kimoja kina udhaifu wake; uzuri ni kwamba udhaifu wao haufanani na wa presha.

Kwenye hosi za kupakua meli, kama zile za boya la mafuta la Mjimwema, Kigamboni, ningetegemea mita na macho kabla ya presha, kwa sababu pampu za meli hubadilisha presha muda wote. Nigeria walilipia jambo hili tarehe 20 Desemba 2011 kwenye eneo la Bonga, pale bomba laini la kupakia meli lilipovuja na karibu mapipa 40,000 yakaingia Atlantiki.

Basi wazee uwajibu hivi. Bomba likikatwa na nanga au kupasuka, waendeshaji watajua ndani ya dakika chache, kabla ya mvuvi yeyote. Likitoboka tundu la sindano au la milimita chache, inawezekana kabisa mvuvi akajua kwanza. Kwa gesi dalili ni mapovu yanayotoka mahali pale pale, maji yakiwa shwari au yamechafuka. Gesi asilia yenyewe haina harufu, kwa hiyo wasingoje kunusa kitu. Wakiona hivyo wasisogee na chombo chenye injini wala moto. Wachukue alama za nchi kavu, minara au minazi, wapige simu. Na kama kwenye mwalo wao hakuna namba ya simu ya kampuni iliyobandikwa, hilo ni jambo la kudai rasmi. Sheria ya Petroli ya 2015 imegawa kazi kwa mamlaka mbili za udhibiti: imewapa PURA usimamizi wa mkondo wa juu, yaani visima, na EWURA mkondo wa kati na wa chini, ambamo mabomba ya gesi iliyosafishwa yamo. Barua ya kamati ya uvuvi kwenda EWURA haigharimu chochote.

Na wewe, ukipata mafunzo kwa vitendo kwenye mtambo wowote wa mabomba, usiulize wana vipima presha vingapi. Uliza mara ya mwisho walipofungulia valvu ndogo makusudi, wakatoa gesi au mafuta ya kiasi kinachojulikana, bila kumwambia aliye zamu, ili waone kama mfumo utalia na kama yeye atachukua hatua. Uliza pia nani ana mamlaka ya kuzima bomba usiku bila kumpigia bosi simu. Wakikuonyesha kitabu chenye tarehe na matokeo, andika jina la mtambo huo, maana ningependa kuomba ruhusa ya kuwaleta wanafunzi wengine.